Kisanduku cha Nerima na Nguo za Jumatano

Mai Mahiu,
Jumatatu, 3 Februari 2025

Kwa mume wangu mzee, Kuka Khaemba,

Mjukuu wako na mkeo mdogo aliye mbali anakusalimu. Msalimie pia bibi yangu, mke mkubwa, Kukhu Namalwa, ingawa najua atasema salamu zangu ni za kumnyang'anya mume. Mimi ni mzima. Nimepata chumba nyuma ya kioski cha Shiko, yule mama anayewapikia madereva wa malori chapati, na tangu nihamie hapa suruali zangu mbili zimenikataa. Vipi goti lako? Na mama bado amesusia kwaya, au walishapatana na yule mwalimu wao?

Naandika kwa karatasi kama ulivyoniagiza. Tangu simu yako itumbukie kwenye karai la nguo, hapo nyumbani hakuna simu ila ya mama, na mama anasoma kila ujumbe unaoingia, hata wa kampuni ya simu yenyewe. Barua hii ataileta Jamleck, anayepeleka vitunguu Nakuru kwa lori. Mpe chai, lakini usimpe siri.

Sasa jambo lenyewe. Uliuliza kile kisanduku nilichokutajia Krismasi ni cha nini. Ni kipokezi. Kinatosha kwenye kiganja, nakiweka juu ya dashibodi ya ndege, kinanasa matangazo ya ndege nyingine na kunionyesha kwenye tableti: hii hapa, iko juu yangu kiasi hiki, inaelekea kule. Kila Jumatano naruka kutoka kiwanja chetu cha vumbi hapa chini ya mteremko, napita Nakuru, halafu naenda kupiga picha za msitu mpaka Olenguruone, na njia nzima naziona ndege zote zilizo karibu nami bila kugeuza shingo.

Naomba umwambie mama hivyohivyo, kwa maneno hayohayo. Unajua Owuor, mwenye ndege hizi, alinipa kazi kwa sababu walisoma darasa moja na mama. Neno moja la mama kwake na mimi nitakuwa naosha ndege badala ya kuzirusha.

Mkeo anayeruka,
Nerima


Bondeni, Nakuru,
11 Februari 2025

Kwa Nerima, mke niliyemwoa bila kuulizwa,

Nimepokea barua yako ikinuka vitunguu. Sisi hapa tuko salama. Goti linalia likisikia mvua, mvua haiji, goti linalia tu. Mama yako amerudi kwaya na sasa mwalimu ndiye anayetishia kutoka. Kukhu anasema akupatie mume mzima, umchukue na goti lake, yeye apumzike.

Mama yako nimemwambia. Aliuliza, "Zote kabisa?" Nikasema zote. Kwa hiyo sasa neno lako ni neno langu, na mimi kabla ya kulala nalo nataka kujua jambo moja. Umesema kinanasa matangazo. Je, ndege isiyotangaza?

Nakuuliza kwa sababu miaka thelathini na moja nilikaa kwenye kibanda cha ishara za reli. Tulikuwa na chombo chenye sindano. Sindano ikilala huku, njia ina treni. Ikilala kule, njia ni tupu. Na dereva hakuondoka mpaka nimpe mkononi kipande cha chuma cha njia ile, kimoja tu, hakuna kingine duniani. Kazi safi. Siku moja sindano ikasema njia ni tupu, nikampa dereva chuma chake, treni ikaondoka. Dakika ishirini baadaye wakaja mafundi watano wa reli kwa miguu, wamejaa miiba. Walikuwa kwenye troli yao ya kusukuma kwa mkono, na troli haikuwa na kengele wala haikuandikwa popote, kwa hiyo sindano yangu haikuijua. Waliruka kichakani. Troli iligeuka kama sahani, na sufuria yao ya githeri, mahindi na maharagwe, hatukuiona tena. Sindano haikunidanganya, mke wangu. Mimi ndiye niliyeiuliza kitu isichokijua. Tangu siku ile nilitoka nje kuangalia njia kwa macho yangu kabla ya kumpa mtu chuma.

Jumatano nilikuona ukipita. Ule mstari mwekundu ubavuni mwa ndege yako ulikuwa unameta.

Jibu swali.

Kuka


Mai Mahiu,
24 Februari 2025

Kuka mpenzi,

Nimecheka githeri mpaka Shiko akaja kugonga ukuta. Hapa tumepata maji siku mbili mfululizo, watu wanafua hata nguo safi.

Kisanduku nacho kina vituko vyake. Juzi, juu ya Longonot, kilinionyesha ndege iliyonilalia mgongoni kabisa: urefu uleule, mwendo uleule. Nikakata kushoto, nayo ikakata kushoto. Nikashuka, ikashuka. Nikaanza kusali sala ya shule ya msingi. Ilikuwa mimi. Kilinasa matangazo ya ndege yangu mwenyewe na kudhani ni mgeni, kwa hiyo rubani mwenye leseni amejikimbia mwenyewe angani dakika nne. Usimwambie mtu. Pia kikikaa juani sana kinachemka na kuzima, basi nimekishonea kofia ya kitambaa.

Mengine ni ya kawaida. Wiki iliyopita nilibadilisha chai nikaanza kunywa uji, maana mikono ilikuwa inatetemeka kidogo. Nadhani ni majani ya Shiko.

Msalimie Fardosa hapo mlango wa pili. Mwambie harusi yake nitakuja.

Nerima


Bondeni,
6 Machi 2025

Nerima,

Sote wazima. Fardosa amepokea salamu na anauliza utavaa nini.

Nimesoma barua yako mara tatu kwa kile kioo changu cha mkono, nikitafuta jibu la swali langu. Nimekuta kofia ya kisanduku. Nimekuta uji. Jibu sikulikuta. Na chai ya Shiko naijua tangu enzi za mama yake; haijawahi kumtetemesha dereva yeyote wa lori, na wale wanainywa kwa debe.

Sitauliza tena. Mtu akikataa kusema, hupewa kazi. Hii ndiyo yako. Kila Jumatano asubuhi nitatandaza nguo moja kwenye uwanja mtupu ulio nyuma ya nyumba zetu hizi za baraza la mji. Rangi nitaichagua mimi, kila wiki tofauti. Wewe ukipita utaangalia chini, kwa dirisha, na kuniandikia ni rangi gani. Kisanduku chako hakijui kusoma shuka, kwa hiyo nitajua ni jicho lako. Mtu anayeweza kuona shuka Bondeni anaweza kuona na troli.

Ukikosa mara mbili, nitamwambia mama yako kwamba lile neno "zote" lilikuwa lako, na mimi siliamini tena.

Mumeo mkali,
Khaemba

Nimeona ile ndege jana pia. Mstari wako unapendeza.


Mai Mahiu,
24 Machi 2025

Kwa mwalimu mkuu wa mashuka,

Natumai goti limenyamaza. Hapa mvua imeanza, na mteremko umemeza malori mawili. Watu hawakuumia, lakini mji mzima unakula kabichi.

Majibu ya mtihani: Jumatano ya tarehe 12, nyekundu. Jumatano ya tarehe 19, bluu. Niliziona vizuri sana, hata mikunjo.

Nadhani nimefaulu. Naomba cheti.

Nerima


Bondeni,
31 Machi 2025

Nerima,

Kukhu haongei nami, nitakueleza kwa nini.

Tarehe 12 ilikuwa nyekundu kweli, na jioni ileile, nikijisifia mtihani wangu, nilimhadithia Fardosa ukutani. Akacheka kidogo mno. Mtoto huyo nimemjua tangu akiwa anatambaa, na kicheko chake kikiwa kidogo hivyo kuna kitu amekikalia. Basi Jumatano iliyofuata nilimwambia kwa sauti kubwa, mbele ya mama yake, kwamba leo natandaza shuka la bluu. Halafu nilienda uwanjani nikatandaza shumizi la njano la Kukhu, lile la lesi, alilovaa siku Celestine mama yako alipobatizwa. Lilikaa pale saa tatu. Bondeni nzima imeliona isipokuwa wewe. Ndiyo maana nalala na mgongo wa mtu.

Fardosa nimemhoji. Amekiri kwa chapati mbili kwamba anakupigia simu kila Jumatano jioni kukutajia rangi. Sina hasira naye. Alisema jambo moja tu, nalo limeninyima usingizi: "Kuka, yeye haangalii nje siku hizi. Anaogopa."

Mke wangu, utani tuuweke kando nusu ukurasa. Uliona nini?

Kuka


Mai Mahiu,
3 Aprili 2025

Kuka,

Nisamehe. Mwombe na Kukhu msamaha kwa niaba ya shumizi.

Ilikuwa Jumatano, tarehe 19 Februari, nikikaribia ukingo wa msitu wa Mau. Tableti ilikuwa nyeupe, hakuna ndege hata moja. Nilikuwa nimetangaza kwenye redio nilipo, hakuna aliyenijibu. Nikainama kurekebisha kofia ya kisanduku. Nilipoinua uso, dirisha lote lilikuwa la njano. Ilikuwa ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, ya zamani, isiyo na transponda, maana yake haitangazi kitu, na rubani wake alikuwa anasikiliza masafa mengine ya redio. Alipita juu yangu. Kuka, niliona matope kwenye gurudumu lake. Alikuwa amevaa kofia ya soka.

Hilo ndilo jibu la swali lako. Ndege isiyotangaza, kisanduku hakiioni. Na yenye kutangaza ikiwa nyuma ya mlima, hakiioni vilevile, kwa sababu matangazo hayapindi. Kuna nchi ambako mitambo iliyo chini huwasaidia marubani kwa kuwarushia habari za ndege nyingine. Mimi huku sina anayenirushia. Nilijua yote haya. Yameandikwa kwenye kitabu chake, ukurasa wa kwanza. Lakini tableti ikiwa nyeupe inatuliza moyo, nami baada ya siku ile nilitaka kutulizwa. Nikawa naitazama hiyo peke yake. Nikitazama nje naona njano kila mahali.

Usimwambie mama. Nakuomba kama mjukuu, si kama mke.

Na sasa, kwa kuwa tumeanza kukiri: Owuor aliipaka ndege rangi upya mwezi wa Desemba. Mstari mwekundu haupo. Sikusema, nilitaka kuona utaendelea kuuona mpaka lini. Wewe je, huwa unaona nini Jumatano?

Nerima


Mai Mahiu,
28 Aprili 2025

Kuka,

Hujambo, sijambo, wote hawajambo. Ni wiki ya nne sina barua yako. Owuor ameniita Ijumaa ofisini. Kama umemwambia mama, niambie nijue nakwenda kupewa ndoo na sabuni.

N.


Bondeni,
8 Mei 2025

Nerima,

Barua zako mbili zimefika jana kwa pamoja. Jamleck alivunjikiwa na ekseli Gilgil, akaenda nyumbani kumwona mtoto mchanga, na barua yako ya tarehe tatu ikabaki chini ya kiti na karoti. Ametubu. Mtoto ni msichana, wamemwita Sally.

Mama yako sijamwambia neno. Owuor alikuitia nini? Kukhu amenisamehe, ila shumizi limefungiwa kwenye sanduku la bati na ufunguo anao yeye.

Umefanya vizuri kuandika ukweli. Nimeusoma polepole.

Mambo ya mstari tuyaache, jua la Nakuru ni kali. Nguo zinaendelea. Tarehe 21 utaangalia vizuri, nitatandaza kitu ambacho hujawahi kukiona.

Kuka


Mai Mahiu,
Ijumaa, 23 Mei 2025

Kuka wangu,

Owuor alitaka tu niwe na ratiba mpya ya mafuta. Nililia bure, nikamaliza tishu zote za Shiko.

Sasa sikiliza. Jumatano, tarehe 21, nilizima tableti nikiwa bado juu ya Elementaita, kwa hiari yangu, ili nisipate kishawishi. Kisanduku nilikiacha kiendelee kunasa peke yake. Nilifika juu ya Bondeni nikaangalia chini. Uwanja nikauona, paa zenu nikaziona, kamba za nguo nikaziona. Nguo yako sikuiona. Nikasema mzee huyu amenifanyia ujanja, ametandaza kitu cha rangi ya vumbi. Nikazunguka. Sikuiona. Nikailaza ndege upande wa kushoto nikazunguka tena, pua imegusa kioo, nimekasirika kabisa.

Ndipo nikaona bawa. Lilikuwa chini yangu, kati yangu na uwanja wako, jeupe, linapanda moja kwa moja kunifuata. Nilivuta kulia kwa nguvu nilizokuwa nazo. Ndege ile ilipita pale nilipokuwa.

Rubani wake alimpigia Owuor jioni kuomba radhi. Alikuwa anatazama upande wangu na jua machoni, hakuniona. Na cha ajabu, yeye alikuwa na transponda, inatangaza vizuri kabisa. Niliporudi nilifungua kumbukumbu ya kisanduku. Hakikuwa kimemsikia. Kimekaa juu ya dashibodi, naye alikuwa anatokea chini, na injini yangu yote pamoja na tumbo la ndege vilikuwa katikati vimemziba. Hata ningekuwa na tableti wazi mbele yangu ningeona nyeupe tupu, na ningetulia.

Sijatetemeka. Nimekunywa chai, vikombe vitatu.

Lakini mtihani nimeanguka. Sijui ilikuwa rangi gani. Kama ni lazima umwambie mama, mwambie. Nitakuwa nimepigwa marufuku nikiwa hai.

Nerima


Bondeni,
Alhamisi, 5 Juni 2025

Kwa Nerima, mke wa macho,

Hukuanguka. Jumatano ile hapakuwa na nguo.

Nilikuwa kliniki. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa tatu huu, na nilikuwa nimekataa katakata kuguswa. Nikishika kioo nilisoma kidogo kidogo, lakini ng'ambo ya barabara palikuwa ukungu mtupu. Ndege yako nilikuwa naisikia. Mstari nilikuwa naukumbuka. Miezi miwili nilikuwa nakufundisha kutazama, na mimi mwenyewe nilikuwa natazama ukungu na kukwambia unapendeza. Barua yako ya mstari ilinichoma, mke wangu. Sikuweza kukuandikia hilo, niliona aibu. Niliweza tu kumwambia mama yako, "Celestine, nipeleke." Walinipa tarehe 21 ya upasuaji, nami kwa haraka ya kuficha nikakuahidi nguo kana kwamba nitakuwepo. Nilipofungwa bendeji ndipo nilipokumbuka, na nilikaa kwenye benchi la kliniki nikikuwazia unavyoitafuta.

Sasa habari mbaya. Barua yako ya tarehe 23 imefika nikiwa bado na bendeji. Kukhu miwani yake haioni mwandiko wako. Kwa hiyo aliyenisomea ni mama yako.

Alisoma yote, kwa sauti, mpaka mwisho, hata pale pa kupigwa marufuku ukiwa hai. Halafu akataka na zile nyingine. Alizisoma usiku ule jikoni peke yake, tukamsikia akicheka mahali pa kujikimbia mwenyewe, halafu hatukumsikia tena. Asubuhi nilimngoja aende kumpigia Owuor. Alivaa, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Jumatano ijayo tunatandaza gani?"

Jana ukazunguka mara mbili. Safari hii nguo ilikuwepo, na aliishika mama yako mwenyewe, mikono juu, katikati ya uwanja, mpaka ukapotea upande wa Mau. Hakukubali niiweke chini na mawe. Niandikie ni rangi gani, naye anangoja jibu kuliko mimi.

Langu mimi ni hili. Nilitoka nje bila bendeji, nikainua uso. Mstari wako ni wa bluu, na umechubuka karibu na mkia. Mwambie Owuor apake rangi.

Kuka